Kijiti Kilichobaki Mfukoni

"Sogeza taa, mama. Hapo. Hapo hapo, usiitingishe."

Dolores Sabol aliishika taa ya mezani kwa mikono miwili na kugeuza uso kidogo, maana hakupenda kutazama. Mumewe, Bernie, alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kiti kingine kilichotandikwa gazeti la jana, anasoma ukurasa wa michezo kana kwamba mguu ule ni wa jirani. Chini ya kidole gumba, pale mtu anapokanyagia, palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Binti yao Marcy alikuwa amepiga magoti sakafuni na glavu mikononi, anakata sugu iliyolizunguka tundu lile kwa kisu kidogo, taratibu, vipande vikidondoka juu ya gazeti. Ilikuwa Jumanne, hata jua halijatoka vizuri, na saa moja alitakiwa awe kazini.

"Unasikia kitu, baba?"

"Nasikia njaa."

"Nauliza mguu."

"Huo mguu haujasikia kitu tangu mwaka juzi. Ungekuwa mke ningekwisha kuuacha."

"Bernie!" akasema Dolores. "Na mimi nimeshika taa hapa."

Bernie akacheka peke yake. Marcy hakucheka. Alikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa miguu katika hospitali ya mjini, na kwa siku moja alishika nyayo za watu thelathini, wengine wametoka jimbo jirani la Pennsylvania. Nyayo za baba yake mwenyewe alikuwa ameziona wiki tatu tu zilizopita, tena kwa bahati, alipokuta soksi nyeupe yenye doa la njano kwenye kapu la nguo chafu. Hebu fikiria. Mtu anaishi nyumba moja na daktari wa miguu, ana kisukari miaka kumi na minne, na mbele ya huyo daktari havui soksi!

Siku ya soksi Marcy alisema papo hapo, "Vaa koti, twende hospitali." Bernie akamjibu maneno mawili: "Ray alikwenda." Ray alikuwa kaka yake. Aliingia hospitali na kidole kibovu, akatoka hana mguu, na mwaka haukuisha wakamzika. "Wewe si daktari?" Bernie akaendelea. "Nitibu basi. Ukinipeleka kule kwa nguvu sitakusamehe, nakwambia mapema."

Leseni ya daktari aliye mafunzoni inaishia mlangoni mwa hospitali. Jikoni kwao haimruhusu kumgusa mtu hata ukucha. Marcy alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba huyu ndiye baba aliyemwambia, alipochagua kazi hii, "Miaka yote hiyo ya shule, uje ukate watu kucha?" Na sasa baba huyo huyo anampa mguu wake na kumwambia nitibu. Nani angekataa? Alikubali, na tuseme ukweli, siku ile alifurahi.

Alimaliza kukata, akasafisha kwa maji ya chumvi, akafunika kwa shashi. Mfukoni mwa koti lake la kazini, lililotundikwa nyuma ya mlango, kulikuwa na kijiti cha chuma, chembamba, chenye ncha butu. Kazi yake ni moja. Unakiingiza kidondani polepole, na kikigonga kitu kigumu, huo ni mfupa, na mfupa unaofikika hivyo karibu kila mara umeshaanza kuoza. Mtu huyo halali nyumbani kwake leo. Marcy alikuwa amewapima watu kwa kijiti hicho asikumbuke hata idadi yao. Kwa baba yake alikuwa hajakitoa mfukoni hata siku moja.

"Kinaendeleaje?" mama yake akauliza, bado ameutazama ukuta.

"Kiko juu juu. Kinataka kufunga."

"Si nilisema!" akasema Bernie nyuma ya gazeti.

Marcy akamvisha kile kiatu cha matibabu chenye soli nene alichokipata hospitalini. "Usikivue, baba. Na Ijumaa kule kanisani usisimame. Kaa ukunje pirohi na kina mama."

"Mimi? Nikae na kina mama?"

"Baba."

"Nimekusikia, dokta. Nimekusikia."

*

Asubuhi ile ile kliniki ilijaa. Kwenye chumba cha tatu alikuwamo dereva wa lori mstaafu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na mkewe ameketi pembeni na mkoba mapajani. Marcy aliingia na Devon Ashcraft, daktari wa mwaka wa kwanza. Ashcraft alikuwa mtu wa miaka arobaini na mbili. Alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kurudi shule, kwa hiyo alimzidi Marcy kwa umri miaka kumi na tatu na bado alimwita "mwalimu" bila kinyongo.

Kidonda cha dereva kilikuwa chini ya kidole gumba. Tundu la punje ya hindi.

"Pima," Marcy akamwambia Ashcraft.

"Kinaonekana kiko juu juu, mwalimu."

"Macho hayapimi. Toa kijiti."

Ashcraft akakiingiza. Marcy aliutazama mkono wake, siyo kidonda. Mkono ulikwenda, ukaenda tena kidogo, ukasimama ghafla. Wala huhitaji kuambiwa. Mkono wenyewe unajua.

"Mfupa," Ashcraft akasema kwa sauti ya chini.

Marcy akavuta kiti, akakaa karibu na mama yule, kama walivyofundishwa. Alimwambia kwamba mumewe atalazwa leo, siyo kesho, na kwamba kuna uwezekano wa kukatwa kidole.

"Hatuwezi kusubiri mpaka Jumatatu?" mama akauliza. "Mwanetu anakuja Jumapili. Tungependa awepo."

"Mama, sikiliza. Leo ni kidole. Ukisubiri Jumatatu siwezi kukuahidi kwamba itakuwa kidole. Huu ugonjwa hausubiri mtu afike."

Aliyasema vizuri mno. Mama akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akafuta macho, akasema haya. Walipotoka koridoni Ashcraft alimwambia, "Mimi nisingeweza kumwambia hivyo. Ningemhurumia."

"Ukimhurumia unamuua," Marcy akasema, akaenda chooni, akafunga mlango, akakaa humo dakika nzima. Nitampima leo jioni, alijiambia. Leo jioni nampima baba. Jioni ilipofika Bernie alikuwa amelala kwenye kochi, televisheni inaongea yenyewe, na Marcy akaona aibu kumwamsha. Jumatano alikuwa zamu. Alhamisi alibadilisha shashi haraka haraka, akaona ukingo umegeuka rangi, akasema huenda ni mwanga wa taa.

*

Ijumaa za Kwaresima, chini ya kanisa, wanaume wa parokia huchemsha pirohi, zile sambusa laini za viazi, na wanawake huzikunja. Foleni ya wanunuzi huanza saa tano asubuhi, watu na vyombo vyao mkononi, inazunguka kanisa mpaka kwenye maegesho. Bernie Sabol alikuwa mtu wa sufuria tangu kiwanda cha chuma kilipofunga milango, na hakuna aliyemgusia mwiko.

Marcy alitoka zamu saa saba mchana akapitia huko. Alishuka ngazi, mvuke ukamgonga usoni, vitunguu na siagi.

"Haya, ficheni kucha zenu, daktari amefika!" akapiga kelele Stan Yurko, aliyefanya kazi na Bernie kiwandani miaka ishirini. Wanaume wakacheka. Stan alikuwa amebaki na fulana tu, jasho linamchuruzika mpaka kiunoni. Wote walikuwa na fulana.

Bernie alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya nne. Miguuni alikuwa na viatu vyake vya zamani vya kiwandani. Kiatu cha matibabu kilikuwa chini ya meza, kimelazwa juu ya gunia la vitunguu.

"Baba, kile kiatu kimekukosea nini?"

"Kinapumzika."

"Wewe ndiye wa kupumzika!"

"Nikipumzika nani atatoa pirohi? Stan? Stan anazitoa mbichi, watu wanarudisha."

"Amerudisha nani?" Stan akaruka. "Nani? Mtaje!"

"Mama Hudak. Kwaresima iliyopita."

"Mama Hudak hana meno, Bernie! Hata uji angerudisha."

Wakacheka tena, na Bernie naye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati. Hapo ndipo Marcy alipoona. Baba yake alikuwa amevaa koti la baridi, amelifunga mpaka shingoni, mbele ya sufuria nne zinazochemka.

"Mbona umevaa koti?"

"Kuna upepo."

Upepo haukuwepo. Chini kule hamna hata dirisha. Marcy akampelekea mkono shingoni, akautoa upesi.

"Kaa chini."

"Nikimaliza hizi."

"Baba, kaa chini sasa hivi!"

Akamsukumia kiti magotini, Bernie akakaa bila kutaka. Marcy akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye unga na kuanza kufungua kamba za kiatu.

"Siyo hapa, Marcy," baba yake akasema kwa sauti ambayo Marcy hajawahi kuisikia kwake. "Mwanangu. Siyo mbele za watu."

Lakini kiatu kilishatoka. Harufu ikaja. Ilipita juu ya siagi na vitunguu na kila mtu akaijua, ingawa hakuna aliyesema. Soksi ilikuwa imelowa. Juu ya soksi, kwenye muundi, wekundu ulikuwa umepanda karibu na goti. Kwenye meza ya wakunjaji mama mmoja alilisogeza sinia la pirohi mbichi, polepole, kwa adabu kabisa, akalipeleka meza ya mbali. Bernie alimwona. Aliinamisha kichwa, akawa anatazama mwiko uliokuwa bado mkononi mwake.

"Stan," akasema. "Toa hizo. Zimeiva."

*

Kwenye mapokezi ya dharura aliyekuwa zamu ni Ashcraft. Angekuwa mtu mwingine yeyote! Alifungua pazia, akamwona mzee kitandani, akamwona Dolores na aproni yake ya kukunjia pirohi, imejaa unga, kisha akamwona Marcy amesimama kichwani mwa kitanda, koti la kazi mkononi.

"Huyu ni baba yangu," Marcy akasema.

"Karibu, mzee. Mimi Dokta Ashcraft. Ngoja tuone."

Akaanza kufungua bendeji, akafika kwenye plasta, akasimama. Ncha ya plasta ilikuwa imekunjwa kwa chini, kiasi cha ukucha, ili anayeibandua asihangaike kuitafuta. Kwenye hospitali ile ni timu yao tu iliyofunga hivyo, na Ashcraft alifundishwa na Marcy, mwezi wa tisa, kwenye mguu wa mwanasesere. Alimtazama Marcy mara moja. Akaibandua, akaifinyafinya kiganjani, akaitupa mwenyewe kwenye ndoo ya taka. Muuguzi aliyenyoosha mkono kumsaidia akabaki ameunyoosha.

Kisha akatoa kijiti.

"Ungependa kutoka nje kidogo?"

"Pima, Devon."

Mkono wake haukwenda mbali. Uliingia kidogo tu na kusimama. Ashcraft akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Sema," Marcy akamwambia.

"Mfupa."

"Mfupa ndiyo nini?" Bernie akauliza, meno yakigongana kwa baridi. "Kila mguu una mfupa. Mlitaka mkute nini?"

Baada ya picha ya eksirei akaja Daktari Lindqvist, mkuu wa mafunzo yao, mama wa miaka sitini mwenye nywele fupi nyeupe ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alibonyeza juu ya unyayo kwa vidole viwili. Ngozi ikalia kwa ndani, kama unapobonyeza theluji kavu. Hewa ilikuwa imeingia nyamani. Lindqvist akainama zaidi, akakitazama kidonda chenyewe kwa muda mrefu, zile kingo zilizokatwa duara safi, zikateremka kama kisosi. Ukataji ule aliuleta yeye hospitali hiyo.

"Nani amekuwa akikisafisha hiki?"

"Mimi mwenyewe," Bernie akadakia.

"Wewe, mzee?"

"Kwa wembe. Nina mkono mzuri. Nilikuwa fundi wa mitambo."

Lindqvist akamtazama, akatazama tumbo lake. "Mzee Sabol, hebu gusa kidole gumba cha mguu wako."

Bernie akajikunja. Mkono ukafika kwenye muundi. Akapumua, akajaribu tena, uso umegeuka zambarau, tumbo limemzuia, waya za mashine zimevutika. Mkono ukafika hapo hapo. Muuguzi akageuka akajifanya anapanga sindano.

"Leo nimechoka tu," Bernie akasema. "Siku nyingine nafika."

"Acha, baba." Marcy alisema kwa shida. "Ni mimi. Nimemtibu mimi, nyumbani, wiki tatu."

Dolores akaanza kulia bila sauti. Lindqvist hakumuuliza Marcy kwa nini alimtibu baba yake. Hakumuuliza habari za leseni. Aliuliza swali moja.

"Ulipima mfupa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Kwa nini?"

Marcy alitafuta jibu la kidaktari, na alikuwa nayo mengi, ameyakariri miaka.

"Nilijua kitagonga," akasema.

Lindqvist akavua glavu. "Utakaa na mama yako. Ashcraft, kajiandae, tunaingia sasa."

*

Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya bluu na mashine ya kahawa iliyoharibika. Marcy alikuwa amepita hapo mara nyingi sana, daima akienda haraka, daima akiwa na kitu cha kumwambia mtu. Kukaa hapo hakuwahi. Hakujua viti vile vina ubaridi namna hiyo.

Dolores aliendelea kukung'uta unga kwenye aproni, ingawa ulikuwa umekwisha.

"Jana niligeuka nikatazama," akasema. "Mara moja tu. Niliona nyama imekuwa nyeusi pembeni. Nikasema nisiseme kitu, Marcy yupo, Marcy anaona."

"Niliona, mama."

"Uliona?"

"Niliona."

Mama yake akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Angemtukana Marcy ingekuwa afadhali.

Haikupita saa moja Lindqvist akatoka, kofia bado kichwani. Marcy alisimama. Kwa namna alivyotoka, mikono ameishika mbele, Marcy alijua yote kabla hajafungua mdomo, maana na yeye hutoka hivyo hivyo.

"Nimefungua nilipoweza," Lindqvist akamwambia Dolores. "Usaha umefuata kano, umepita kifundo cha mguu, unapanda. Nimewaita madaktari wa mishipa ya damu. Wao ndio wataendelea."

"Wataendelea na nini?"

"Watakata chini ya goti, mama. Leo hii. Tukingoja tutampoteza."

Dolores alimshika mkono. "Malizia wewe basi. Wewe unamjua Marcy. Usimwachie mtu nisiyemjua."

"Siruhusiwi. Kazi yetu sisi inaishia kifundoni. Kikivuka hapo siyo chetu tena."

Dolores akamgeukia binti yake. "Hata wewe?"

"Hata mimi, mama."

Lindqvist akampa Dolores karatasi ya kutia sahihi. Alimwonyesha pa kusaini kwa kidole, akasubiri, akaichukua. Kisha akamwambia Marcy, kwa sauti ile ile, "Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu. Usivae koti la hospitali." Akaondoka. Madaktari wa mishipa walikuja wawili, watu wageni kabisa, wakapita mbele yao wakizungumza habari za mchezo wa kikapu.

*

Jumanne mchana Bernie alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa, amekula bakuli zima la supu. Homa ilikuwa imeshuka. Chini ya blanketi mguu wa kushoto ulifika mwisho wa kitanda na wa kulia uliishia katikati, na kila aliyeingia alijitahidi asitazame hapo. Marcy aliingia na nguo za nyumbani. Jumatatu alikuwa amesimamishwa kazi mpaka kamati ikae, na hakumwambia baba yake.

"Huyu hapa!" Bernie akamwambia muuguzi aliyekuwa akimpima presha. "Huyu ndiye binti yangu. Daktari. Wiki tatu ananitibu asubuhi kabla ya kazi, kwa mikono yake, magoti chini! Bila huyu wangenikata mpaka huku juu." Akajipiga kiganja kwenye paja. "Kaka yangu walimkata mpaka huku juu. Unajua kwa nini? Hakuwa na binti."

"Umebarikiwa, mzee," muuguzi akasema, akamtabasamia Marcy.

Marcy akapanga vizuri vikombe vilivyokuwa vimepangika.

Muuguzi alipotoka Bernie akachukua simu iliyokuwa juu ya mto wake wa kulalia. "Yuko Stan hapa anasubiri kwenye laini. Naye ana kidonda, kumbe! Kisigino. Miezi miwili anaficha, yule mwehu. Nimemwambia asihangaike na foleni za hospitali, aje nyumbani jikoni, utamwangalia. Mama yako atashika taa. Haya, ongea naye."

Akamtilia simu mkononi.

"Mzee Stan," Marcy akasema. "Nenda hospitali. Leo."

"Aa, mwanangu, najua mna mambo mengi sasa hivi. Mimi nitasubiri. Hakiumi hata."

"Usisubiri. Nisikilize, mzee. Kisipouma ndiyo kibaya zaidi. Mimi nimemchelewesha baba. Ningemleta mapema, mguu ungekuwepo."

Upande wa pili Stan akacheka kidogo, kwa huruma. "Umechoka, binti. Umehangaika sana na huyo mzee, hata hujui unachosema. Pole. Mimi nakuja Jumapili baada ya misa, nitaleta na keki." Akakata.

Marcy akabaki na simu sikioni. Alipoishusha, baba yake alikuwa akimtazama.

"Mapema lini?" Bernie akauliza.

"Baba, upumzike kwanza."

"Mapema lini, Marcy?"

"Siku ile ya soksi."

"Wangekata nini?"

"Kidole."

"Kipi?"

"Gumba. Pengine na kipande cha mfupa nyuma yake."

"Kidole kimoja."

"Kimoja, baba."

Bernie akalitazama blanketi, pale palipo tambarare, akapanyoosha kwa kiganja kana kwamba kuna mikunjo. Nje koridoni toroli la chakula lilipita, sahani zikigongana, likaishia.

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa."

"Sijakuuliza uoga."

"Nilikuwa najua."

Alidhani atamtukana. Alitamani amtukane, angejua pa kushika. Bernie hakutukana. Uso wake ulilegea tu, akazeeka pale pale, na ile furaha yote ya mwanzo ikamtoka asiweze kuizuia.

"Nipe simu," akasema.

Akabonyeza namba kwa kidole kimoja, polepole, bila miwani. Akasubiri.

"Stan. Ee, mimi. Vaa viatu uende hospitali. Sasa hivi, mwambie mkeo akupeleke." Akasikiliza. "Hapana. Jumapili hapana, usije nyumbani." Akasikiliza tena, macho yake yako kwenye dirisha. "Hapana, Stan. Siyo kwa binti yangu. Nenda kwa madaktari."

Marcy alikuwa amesimama hapo hapo kando ya kitanda, maana hakujua aende wapi.